Si Wangemwambia Tu?

Kila mtu ambaye nimemsimulia hii stori ameniuliza kitu kimoja. Beshte yangu wa Umoja ameniuliza. Mathe ameniuliza akichambua sukuma. Hata jamaa wa kinyozi alishikilia mashine hewani, nywele zangu ziko nusu, akauliza: kwani si wangemwambia tu?

Stori yenyewe ni ya meli, na wacha niipitishe haraka ndio tufike pale panaponisumbua.

Meli iliitwa El Faro. Urefu mita 241, umri miaka 40, ilikuwa inabeba makontena na magari kutoka Jacksonville, Florida, kwenda San Juan, Puerto Rico. Iling'oa nanga usiku wa tarehe 29 Septemba 2015 ikiwa na watu 33 ndani, Wamarekani 28 na mafundi 5 wa Poland. Mbele yao, upande wa visiwa vya Bahamas, kulikuwa na dhoruba imepewa jina Joaquin, na melini kila mtu aliijua kwa jina. Si ati iliwatokea kwa kona. Kapteni, Michael Davidson, alikuwa mzee wa miaka 53, mzoefu wa bahari, na hesabu yake ilikuwa kwamba atapita kusini ya hiyo dhoruba. Asubuhi ya tarehe 30 alipinda njia kidogo, akaona hapo amejipa nafasi. Siku hiyo hiyo Joaquin ikawa kimbunga kamili, na ikazidi kuteremka kusini-magharibi, kuelekea palepale El Faro ilikuwa inaenda.

Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba meli ilizama. Hakupona hata mmoja.

Sasa, Agosti 2016 wachunguzi walifanikiwa kutoa kifaa cha kurekodi sauti kutoka sakafu ya bahari, kama mita 4,600 kwenda chini. Kilikuwa na saa 26 za maongezi ya chumba cha usukani. Maandishi yake yalichapishwa, kurasa karibu 500. Mimi niliacha chuo na sijawahi kumaliza kitu cha kurasa 500 nikiwa na kadi ya mwanafunzi mfukoni, lakini hii niliisoma kwa simu, usiku, siku nne, na nikaimaliza.

Na jibu la mathe, la kinyozi na la beshte yangu liko mle ndani. Walimwambia.

Skiza jinsi walivyomwambia. Kapteni alitoka chumba cha usukani kama saa mbili usiku, akaenda chumbani kwake. Saa tano na dakika tano, ofisa wa tatu, Jeremie Riehm, akampigia simu. Taarifa mpya ya hali ya hewa ilikuwa imeingia. Akamweleza kwamba upepo wa katikati umefika karibu maili 100 kwa saa, na kwamba kimbunga kinakuja upande wao. Akampigia hesabu: tukiendelea hivi, saa kumi alfajiri tutakuwa maili 22 tu kutoka kitovuni. Akataja kwamba wanaweza kukata kwenda kusini. Kapteni akamshukuru, akasema waendelee na njia yao. Simu ikakatwa. Halafu Riehm akamgeukia mshika usukani na kumwambia kitu ambacho nilikisoma mara tatu: kwamba anaamini anachosema kapteni, ila tu hiyo ya kuwa maili ishirini kutoka kwa upepo kama huo haisikiki sawa.

Anaamini, na haisikiki sawa. Sentensi moja.

Saa saba na dakika ishirini usiku, zamu imebadilika. Sasa ni ofisa wa pili, Danielle Randolph, miaka 34. Yeye na mshika usukani walikuwa wamechora njia nyingine kwenye ramani, ya kupenya kusini katikati ya visiwa. Akampigia kapteni. Akamweleza. Kapteni akamwambia abaki kwenye njia ile ile. Akabaki. Kabla ya hiyo simu na baada yake, ukisoma, anatania sana. Anatania kuhusu mawimbi, kuhusu kahawa, kuhusu meli yenyewe. Mimi ninayeishi kwa kuchekesha watu mtandaoni najua huo utani. Ni utani wa mtu ambaye ameogopa na hana mahali pa kuweka huo uoga.

Kapteni alirudi kwenye usukani baada ya saa kumi alfajiri. Wakati huo walikuwa ndani ya kimbunga.

Kwa hivyo swali langu likabadilika. Walimwambia, mara mbili, kwa takwimu, wakiwa na ramani mkononi. Kwa nini haikufika?

Nadhani ni kwa sababu ya aina ya maneno. Yale maneno yote yalikuwa na mlango wa nyuma. "Tunaweza kukata kusini." "Nilifikiria labda." Ni maneno ambayo kapteni anaweza kuyakataa bila hata kusikia kwamba anakataa kitu. Hakuna aliyesema: kapteni, ukibaki kwenye hii njia tutakufa, na mimi nataka uamke uje hapa uangalie mwenyewe. Na si kwamba walikuwa waoga. Walikuwa mabaharia, kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya wengi wetu. Walikuwa na adabu.

Na kwa adabu, wasee, sisi hatushindwi na mtu. Kwetu kuna njia elfu za kusema hapana bila kusema hapana. Ukiona mjomba anakosea hesabu ya harusi husemi "mjomba umekosea." Unasema, "Sijui unaonaje, labda tungeangalia tena." Fundi wa mjengo akiona nguzo imepinda hamwambii kontrakta nguzo imepinda. Anamwambia, "Boss, hapa ni kama kuna kitu." Kama kuna kitu! Nguzo imepinda mpaka inaonekana kutoka steji, na sisi tunasema ni kama kuna kitu. Tumefunzwa hivyo, na siku nyingi hiyo adabu ndiyo inafanya nyumba ya vyumba viwili na watu saba ikalike. Siitukani. Nasema tu kwamba ina bei.

Kama unadhani hii ni stori ya Wazungu na vimbunga vyao, wacha nikupeleke Douala.

Tarehe 5 Mei 2007. Ndege ya Kenya Airways, safari nambari KQ507, imetoka Abidjan, imetua Douala, Cameroon, na inarudi nyumbani Nairobi. Ndani kuna watu 114. Ndege yenyewe ni mpya kabisa, Boeing 737-800 ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja kazini. Ni usiku wa manane na kuna mvua ya radi kubwa juu ya uwanja. Safari imechelewa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hiyo mvua. Ndege zingine uwanjani zinasubiri hali itulie. Ya kwetu inaondoka dakika chache baada ya saa sita, na ripoti ya uchunguzi ya Cameroon, iliyotoka 2010, inasema ilipaa bila kupewa ruhusa ya mwisho na mnara.

Hapa lazima niwe makini, kwa sababu watu wengi wanasema ati radi iliiangusha. Hapana. Kulingana na ripoti, ndege ilikuwa nzima. Ilipoinuka ilianza kulalia upande wa kulia polepole. Kapteni akaita otopailoti iwashwe. Haikuwashwa, na hakuna mtu kati yao wawili aliyethibitisha kama imewaka au la. Kwa karibu dakika nzima hakukuwa na mkono wala mashine inayoshika ile ndege. Nje giza totoro, chini ni kinamasi, hakuna taa ya kukuonyesha upeo wa macho uko wapi. Mwili wako unakudanganya kwamba mko sawa. Kengele ya kuonya kwamba ndege imelala ilipolia, kapteni akashtuka, akaivuta huku na huku, mwanzo upande usiofaa. Chini ya dakika mbili tangu waache ardhi, walikuwa kwenye mikoko ya Mbanga Pongo, kilomita zisizofika 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Hiyo ni kama kutoka tao hadi Hamza, na bado ilichukua karibu siku mbili kuipata, kwa sababu mwanzoni walienda kutafuta mbali sana. Wote 114 walikufa.

Kapteni alikuwa na miaka 52 na saa zaidi ya 8,000 za kuruka. Rubani msaidizi alikuwa na miaka 23. Saa zake za kuruka hazikufika 1,000.

Miaka 23. Ni umri wa watu wanaosoma hii. Ripoti inamweleza kapteni kama mtu mwenye nguvu ya tabia, mwenye kutawala walio chini yake, na inamweleza huyu kijana kama mtu mpole, asiyejisukuma mbele. Kwenye rekodi anasikika akisema kitu mwishoni kabisa, kapteni akiwa anazidi kuvuta upande mbaya: kushoto, anamwambia, kushoto. Alikuwa amepatia. Tatizo ni kwamba sekunde zilikuwa zimeisha.

Mimi siwezi kumlaumu yule kijana na sitaki mtu yeyote amlaumu. Hebu jiweke pale. Una miaka 23, umepata kazi ambayo mtaa mzima unaijua, mama yako anakutaja kanisani. Kando yako ameketi mzee mwenye umri wa baba yako ambaye ameruka tangu wewe uko nasari. Anasema tunaenda. Mnara haujasema. Unafanya nini? Unafikiria labda amesikia kitu ambacho wewe hukusikia. Hiyo "labda amesikia kitu" ndiyo ile ile ya Riehm ya "naamini anachosema." Yaani mtu wa chini huwa haoni tu hatari. Anaona hatari, halafu anajishuku mwenyewe kwanza kabla ya kumshuku mkubwa.

Wenye ndege duniani waliijua hii shida kitambo. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kapteni wa KLM alianza kukimbiza ndege yake kwenye ukungu bila ruhusa, na fundi aliyeketi nyuma yake akauliza kama ile ndege nyingine imetoka njiani. Aliuliza. Swali. Kapteni akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Haikuwa imetoka. Walikufa watu 583, na hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi mpaka leo. Baada ya hapo mashirika yakaanza kufundisha marubani kuongea: jinsi ya mdogo kusema na jinsi ya mkubwa kusikia. Ina hatua kabisa. Unaanza kwa kuuliza, unapanda kwa kusema hofu yako, unafika mahali unaamuru, na mwisho kabisa unashika usukani na kusema sasa ni wangu. Marubani wa Douala walikuwa wa kizazi kilichokuwa kinafundishwa haya, miaka 30 baada ya Tenerife. Kufundishwa kitu na kukitoa mdomoni saa sita usiku, mbele ya mzee, ni vitu viwili tofauti.

Baharini kwetu pia yapo, ila huko hakuna rekodi ya sauti ninayoweza kuisoma. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya MV Skagit ilitoka Dar es Salaam mchana kwenda Zanzibar, ikiwa na watu karibu 290. Julai ni kusi, upepo ulikuwa mkali, na boti yenyewe ilikuwa imejengwa Marekani mwaka 1989 ivushe watu kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu huko jimbo la Washington. Ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja ikiwa pale mbele. Karibu nusu ya watu hawakufika. Waziri wa miundombinu wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, jambo ambalo kwa upande huu wetu wa mpaka ni kama hadithi za sayansi. Na hiyo ilikuwa miezi 10 tu baada ya Spice Islander, ile iliyozama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikienda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi. Kuhusu Spice Islander, taarifa za wakati ule zilisema kuna abiria waliofika bandarini, wakaiona ilivyojaa, wakakataa kupanda.

Hao watu nawafikiria sana. Hakuna aliyeandika kitabu juu yao. Walikuwa na tiketi. Labda Idi ilikuwa imeisha na wanataka kufika kwao. Wakaangalia, wakasema hapana, wakageuka na mizigo yao.

Wacha sasa nilete hii kitu mtaani, kwa sababu mimi sijawahi kupanda meli na kapteni wa maisha yangu ni dere.

Aprili 2024, ile mvua, mnaikumbuka. Mathare watu wanatolewa kwa mapaa, barabara zimekatika kila mahali. Usiku mmoja niko ndani ya mathree kutoka tao kuelekea Kayole. Jogoo Road haisongi, Outer Ring haisongi. Dere anafanya kile madere hufanya: anakata njia za ndani, za panya, anazunguka zunguka mpaka tunatokea upande wa Mowlem mahali kuna kadaraja kadogo. Maji yamepita juu ya daraja. Si mengi kwa macho. Lakini yanasonga, na gizani huoni kingo ziko wapi, unaona tu taa za gari zikicheza juu ya kitu cheusi.

Dere akasimama. Akapiga gia, akatoa. Ndani ya gari ikaanza ile kwaya yetu. "Dere, unaona itapita?" "Dere cheza chini." "Ni kama maji ni mob, ama?" Jamaa mmoja nyuma akachekesha kuhusu kuogelea, watu wakacheka. Konda akiwa mlangoni anasema haina noma, sai imepita ingine. Sote tulikuwa tunamwambia dere. Hakuna hata mmoja alikuwa amemwambia kitu.

Halafu mama mmoja, wa makamo, amebeba mfuko wa viatu vya mtumba mapajani, hakupaza sauti. Akasema, "Kijana wangu, usiende. Fungua mlango nishuke."

Konda: "Mathe, nauli hairudi."

"Baki nayo. Fungua."

Ni hivyo tu. Lakini angalia hiyo sentensi ilifanya nini. Haikuuliza dere anaonaje. Haikumtusi pia, kwa sababu alimwita kijana wangu, na mama akikuita kijana wangu amekupa heshima na amekukumbusha umri wako kwa wakati mmoja. Na ilikuwa na kitendo ndani yake. Dere angeweza kubishana na maoni, lakini mguu wa mama ulikuwa tayari kwa ngazi. Akashuka. Msichana aliyekuwa kando yake akashuka. Mimi nikashuka, na baba mwenye mtoto, na wengine. Dere akaangalia kioo, akaona viti vinabaki wazi, akasonya, akazima injini.

Sasa kuna sehemu ya hii stori ambayo haipendezi. Tukiwa tumesimama pale kwa mvua, lori likaja, likapita lile daraja bila shida yoyote. Halafu gari dogo likapita pia. Konda akatuangalia vile mnajua makonda wanaweza kuangalia. Jamaa wa nyuma akamwambia mama, "Si umeona?" Mama hakumjibu. Alikuwa amevaa karatasi ya plastiki kichwani, anatafuta njia ya kuzunguka kwa miguu.

Na hapo ndipo nafikiri sisi hukosea tunapoongea juu ya makapteni. Tunadhani hatari ni kitu ambacho ukikijaribu kinakuua. La. Mara nyingi hupita. Davidson alikuwa amefanya kazi Alaska na kwenye rekodi anaifananisha hali ile na siku za kawaida za baridi huko. Alikuwa amepita kwenye mengi, na kila mara alipopita, bahari ilimwambia yuko sawa. Dere wetu naye amevuka maji mangapi? Basi la shule lililosombwa na mto Enziu kule Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021, lilikuwa limebeba wanakwaya na jamaa zao wakienda harusi. Zaidi ya watu 30 walikufa, na kuna vidio kwa sababu watu walikuwa wamesimama ukingoni na simu. Laiti lingepita, ile vidio ingekuwa ya kushangilia dereva mkali. Tungeisambaza. Mimi pengine ningeiwekea muziki.

Nirudi kwa Davidson, kwa sababu ni rahisi sana kumfanya adui na mimi sikubaliani na hiyo. Ukisoma zaidi unaona naye alikuwa na wakubwa wake. Agosti mwaka huo huo, kwa dhoruba nyingine, alizunguka njia ndefu ya kusini na wakafika salama. Safari hii hakuzunguka, ila tarehe 30 aliandikia ofisi barua pepe akiulizia kuhusu kutumia ile njia ndefu wakati wa kurudi. Kampuni ilikuwa inaleta meli mpya, na yeye hakuwa amechaguliwa kuzisimamia. Wachunguzi wa Marekani, kwenye ripoti yao ya Desemba 2017, waliweka lawama ya kwanza kwake, kwamba hakufanya ya kutosha kukwepa kimbunga na hakutumia taarifa mpya zaidi, lakini hawakuishia hapo. Wakaitaja kampuni kwa usimamizi wake hafifu. Wakataja matundu yaliyoingiza maji, injini iliyokosa oili meli ilipolala upande na kuzima katikati ya dhoruba, mashua za kuokolea za kizamani zisizo na paa.

Kuna kitu kimoja kwenye hiyo ripoti ambacho mtu wa rika letu anapaswa kukiangalia. Kapteni alikuwa na programu ya hali ya hewa kwenye kompyuta. Nzuri sana. Ramani ya rangi, kimbunga kinaonekana kikizunguka, njia yake imechorwa. Ila zile data zilikuwa zinachakatwa kwanza kabla ya kutumwa, kwa hivyo zilimfikia zikiwa zimechelewa saa kadhaa, na kuna wakati ilimtumia njia ya kimbunga ya zamani kwa mara ya pili. Wakati huo huo, kwenye chumba cha usukani, mashine nyingine ilikuwa inachapisha taarifa mpya: karatasi, maandishi matupu, bila picha. Ofisa wa tatu na wa pili walikuwa wanasoma karatasi. Kapteni alikuwa anaamini picha. Walikuwa wanaongea kuhusu vimbunga viwili tofauti kwenye simu moja na hakuna aliyeuliza, "Kwani wewe unaangalia nini?"

Hiyo ndiyo simu ambayo mimi ningetaka kuisikia. Si ya kumgombeza. Ya kumwambia, mzee, njoo hapa usome hii karatasi na macho yako. Kumwamsha.

Asubuhi ya mwisho, kuanzia saa kumi na moja hivi, rekodi inabadilika. Kapteni anakuwa mtulivu ajabu. Anapiga simu ofisini nchi kavu, anaeleza maji yako wapi. Anapanga watu. Randolph anauliza kama anaweza kushuka kuchukua koti lake la kuogelea. Kengele ya kuacha meli inapigwa. Meli imelala upande hivi kwamba sakafu ni kama ukuta, na mshika usukani, mtu mzima na mwili mzito, ameshindwa kupanda kutoka pale aliposhikilia. Anamwambia kapteni hawezi, amwache. Kapteni anamwambia hamwachi. Anamwita, anamwambia atulie, anamwambia asikate tamaa, sogeza mguu, njoo, tena na tena, kwa dakika nyingi. Mlango wa kutokea uko pale juu na Davidson haendi. Saa moja na dakika arobaini kasoro kidogo rekodi inakatika, na sauti za mwisho zilizo ndani yake ni za hao wawili, mmoja akiita na mwingine akijibu.